Mguu umetoka plasta

Kawangware, Nairobi
Jumapili jioni

Shoga yangu Mwanaisha,

Waleikum salaam. Plasta ilitolewa Jumanne. Ule msumeno una kelele, nilisoma Ayatul Kursi mara mbili kabla haujafika gotini. Mguu umetoka mwembamba kama mwiko, magamba tele, na harufu yake tuiache. Nilidhani nitaambiwa nipumzike. Wapi! Yule dada wa mazoezi ameniambia nianze kuukanyaga, kidogo kidogo.

Najua utagomba, kwani umeniandikia nilale mpaka Ramadhani. Ngoja nikusomeshe kama ninavyowasomesha watoto wa kidato cha tatu.

Ndani ya mfupa mna seli zilizozikwa, osteositi. Zamani zilikuwa mafundi. Zikajenga mpaka zikajifungia ukutani. Sasa ni manyapara. Mafundi waliobaki juu ya mfupa wana kipokezi kiitwacho LRP5, na protini za Wnt zikikishika, amri inapita: jengeni. Basi osteositi hutoa protini yao, sklerostini, ikaenda kukikamata kipokezi kile kile, na Wnt ikakosa pa kushika. Mjengo ukapoa. Ila mfupa ukibebeshwa uzito, manyapara hupunguza sklerostini. Ukilala tu, huizidisha. Hata supu ya kongoro anayonipikia mama kila siku (naipenda, usimwambie kitu) haiwezi kuwanyamazisha.

Usiwalaani lakini. Afrika Kusini kuna familia za Makaburu ambamo mtu hurithi jeni mbovu ya sklerostini kwa baba na kwa mama. Mifupa yao haivunjiki ovyo, ila hunenepa maisha yote, mpaka fuvu linabana mishipa ya fahamu, uso unapooza, masikio yanaziba. Jeni yenyewe ilitambuliwa mwaka 2001, na kutokana nayo ikapatikana sindano ya kuikamata sklerostini, romosozumabu, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2019 kwa akina mama waliokoma hedhi ambao mifupa yao iko karibu kuvunjika. Huchomwa kila mwezi kwa mwaka mmoja, kisha mgonjwa huhamishiwa dawa nyingine, maana nguvu yake hupungua.

Mimi sindano yangu ni kibanda cha mama mboga. Toka mlangoni ni hatua 62. Jana nilifika, nikakaa kwenye kreti la soda, nikarudi na sukuma wiki na jasho.

Magongo ya binamu yako nitayapakia basi la Ijumaa usiku. Moja limepoteza mpira wa chini, mwombee msamaha.

Wako,
Rukia