Risala kwa Mgeni Rasmi: Ombi la Chumba cha Kuhifadhi Kumbukumbu za Mameya wa Dar es Salaam

Ndugu Mgeni Rasmi,
Ndugu Mwenyekiti wa Serikali ya Mtaa,
Waheshimiwa walimu wakuu wa shule jirani,
Wazee wetu mliokaa safu ya mbele,
Wanakikundi wenzangu, mabibi na mabwana:

Asalaam aleykum. Tumsifu Yesu Kristo. Wazee, shikamooni.

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetuamsha wazima na kutukutanisha hapa Mnazi Mmoja. Pili, kwa heshima na taadhima, tunakushukuru wewe, Ndugu Mgeni Rasmi, kwa kuja mwenyewe. Tunalitia mkazo neno hilo kwa sababu miaka miwili mfululizo tumeletewa wawakilishi, na mwakilishi hana zaidi ya kusema "nitafikisha". Wewe umefika kwa miguu yako, umezunguka meza ya picha kabla hata ya kunywa maji, na umeuliza majina. Wazee wameliona hilo, na wameniagiza nikuambie.

Ndugu Mgeni Rasmi,
Kikundi chetu kilianza mwaka 2013 kikiwa na watu saba: walimu wastaafu, karani mstaafu wa masjala, fundi cherehani mmoja na vijana wawili wa hapa Kariakoo. Leo tuko thelathini na wanne. Shabaha yetu ni moja, kukusanya na kuhifadhi historia ya kiti cha Meya wa Dar es Salaam na ya watu waliokikalia.

Historia hiyo ni ndefu, tutaipitia haraka. Mji huu ulianza kujengwa na Sultani Majid wa Zanzibar katika miaka ya 1860. Wajerumani wakaufanya makao makuu mwaka 1891, Waingereza wakauchukua mwaka 1916. Hadhi ya manispaa ilikuja mwaka 1949, na ndipo mji ukapata Meya. Kwa muongo wote wa kwanza hakuna Mwafrika aliyekikalia kiti hicho. Aliyefungua mlango mwaka 1960 ni Sheikh Kaluta Amri Abedi, mtoto wa Ujiji, mshairi aliyewaandikia watunzi wa Kiswahili kanuni za vina na mizani. Desemba 1961, mwezi uleule wa Uhuru, manispaa ikawa Jiji. Yeye baadaye akawa Waziri wa Sheria, akafariki mwaka 1964 akiwa na miaka arobaini tu. Arusha wamelipa uwanja wa mpira jina lake. Hapa alipoongozea mji, wanafunzi tuliowauliza wanamjua kwa huo uwanja, hawajui kwamba alikuwa Meya wao.

Kisha kiti kikaondolewa. Mfumo wa Madaraka Mikoani ulipoanza mwaka 1972, halmashauri zilifutwa, za miji nazo zikafuata, na shughuli zikaenda kwa maofisa wa mkoa na wilaya. Huduma za mijini zikazorota, kipindupindu kikaingia nchini, na mwaka 1978 halmashauri za miji zikarudishwa. Sheria Na. 8 ya mwaka 1982 ndiyo iliyoweka msingi uliopo: madiwani wanamchagua Meya miongoni mwao, Meya anaongoza baraza, Mkurugenzi anaendesha kazi za kila siku. Mwaka 1996 baraza likavunjwa, na Jiji likawa chini ya Tume iliyoongozwa na Charles Keenja hadi mwaka 2000. Tuliporudishiwa Meya tulirudishiwa zaidi ya mmoja: Ilala, Kinondoni na Temeke kila manispaa na wake, pamoja na Meya wa Jiji kwa mambo yanayovuka mipaka ya manispaa. Katika kiti hicho cha Jiji wakapita Kleist Sykes, Adam Kimbisa, Didas Masaburi, na Isaya Mwita, ambaye uchaguzi wake wa Machi 2016 katika Ukumbi wa Karimjee ulifanyika baada ya kuahirishwa mara kadhaa. Februari 2021 halmashauri ile ya Jiji ikavunjwa na hadhi ya Jiji ikapewa Ilala.

Tunaomba uyashike hayo mawili matatu, Ndugu Mgeni Rasmi, kwa kuwa ombi letu linatokea humo. Katika nusu karne kiti hiki kimevunjwa na kuundwa upya mara tatu. Familia ikihama nyumba mara tatu, hata mwiko wa ugali hupotea. Hatumlaumu mtu. Tunasema tu kwamba mji unaohamisha ofisi namna hii unahitaji mahali pamoja ambapo kumbukumbu hazihami.

Ndugu Mgeni Rasmi,
Pamoja na ufukara wetu, kikundi kimepata mafanikio makubwa ambayo vikundi vyenye fedha havijayafikia. Tumekusanya picha mia mbili na kumi na tano. Tumerekodi sauti za wazee ishirini na watatu waliofanya kazi katika halmashauri kwa nyakati tofauti, wakiwemo madereva, wahudumu, makarani na wafagiaji wa barabara. Tumepeleka maonesho katika shule tisa, na kila tulipokwenda mafunzo yalifana sana.

Nitoe mfano mmoja. Katika shule moja tuliwauliza watoto kama wanaujua Mtaa wa Kleist Sykes. Mikono yote ikapanda, na wote wakasema umepewa jina la yule Meya. Mzee wetu mmoja akawaeleza taratibu kwamba mtaa ni wa babu, Kleist Sykes wa kwanza, mmoja wa waasisi wa African Association mwaka 1929, chama kilichokuja kuzaa TANU. Mwanawe Abdulwahid alikuwa msimamizi wa soko la Kariakoo katika miaka ya 1950. Mjukuu, aliyerithi jina la babu, ndiye aliyekuja kuwa Meya. Darasa likanyamaza kabisa. Binti mmoja wa kidato cha pili akasema, "Kumbe baba yake Meya alikuwa hapa sokoni kwetu!" Mama yake binti huyo anauza nyanya Kariakoo. Hilo ndilo fungu la kazi yetu, na kwa ajili ya binti yule hatutaiacha.

Ndugu Mgeni Rasmi,
Sasa tunaomba radhi, tutakuweka kidogo hapa. Tuna mahitaji mengi na tumeyaandika kwenye barua utakayokabidhiwa, lakini mkutano wetu wa wiki iliyopita uliamua kwamba leo tusiombe vitu kumi tukakosa vyote. Tunaomba kitu kimoja. Tunaomba chumba.

Kumbukumbu zote nilizozitaja zinakaa ndani ya masanduku mawili ya bati na ndoo tatu za plastiki zenye vifuniko. Sanduku moja liko uvunguni mwa kitanda cha mweka hazina wetu. La pili liko kwangu, juu ya kabati la vyombo, kwa sababu chini kuna mchwa. Ndoo ziko kwa fundi cherehani wetu, pembeni ya mashine, na mteja akija kupima nguo zinasogezwa barazani.

Masika ya mwaka jana maji ya Msimbazi yalipanda usiku. Mweka hazina aliwatoa watoto kwanza, akamtoa mama yake, akarudi kuchukua sanduku. Alilikuta limeshaelea. Asubuhi tulikusanyika uwanjani kwake tukaanika picha kwenye kamba ya nguo, kwa vibanio, kama kanga. Zilizokuwa juu zilipona. Za katikati zilikuwa zimegandana, na ukivuta moja inang'oa uso wa nyingine. Tulipoteza picha thelathini na nane siku ile. Mojawapo ilikuwa ya baraza zima la madiwani wamesimama ngazini, na nyuma yake mtu alikuwa ameandika majina yote kwa kalamu ya wino. Wino ulibaki doa la buluu. Tulikuwa tumepanga kuyanakili majina yale Jumamosi iliyofuata.

Picha moja ina mbadala pengine kwa mtu mwingine. Sauti haina. Kati ya wazee ishirini na watatu tuliowarekodi, kumi na mmoja wametangulia mbele ya haki. Mmoja alikuwa mhudumu wa vikao. Alitusimulia jinsi alivyokuwa akipiga pasi ya mkaa joho la Meya usiku wa kuamkia kikao, akiweka kitambaa kibichi juu yake lisiungue, na jinsi alivyokuwa akisubiri nje ya mlango mpaka asikie viti vinaburuzwa ndipo ajue kikao kimekwisha. Kaseti yake ilikuwa ndani ya sanduku lile lililoelea. Tumeipeleka kwa mafundi wawili, wote wamesema utepe umeota ukungu. Mzee mwenyewe alizikwa mwezi Agosti. Mwanawe yuko hapa ndani leo, amekuja akitumaini kuisikia sauti ya baba yake, na mimi ndiye niliyepaswa kumwambia.

Ndugu Mgeni Rasmi,
Chumba hiki si jambo jipya. Tumeliomba mbele ya wageni rasmi watatu. Kwa adabu hatutawataja, wala hatuzungumzi nyuma ya migongo yao, kwani wote tumewaandikia na nakala za barua tunazo. Wa kwanza alisimama pale ulipokaa, akasema chumba kitapatikana ndani ya siku tisini, na akina mama wakapiga vigelegele. Tulifuatilia mara kumi na moja. Tuliambiwa faili liko mezani, tukaambiwa mwenye meza yuko safarini, tukaambiwa mwenye meza amehamishwa. Wa pili alituambia tusihangaike, kuna chumba kinafanyiwa ukarabati, tutapewa funguo kabla ya Ramadhani. Ramadhani tatu zimepita. Wa tatu aliahidi shilingi milioni mbili za kulipia pango la mwaka, akapigiwa makofi, akapigwa picha akiwa ameshika bahasha. Bahasha ile ilikuwa na barua ya shukrani tuliyomwandikia sisi.

Tunayasema haya kwa heshima yote, na tunajua viongozi wana mengi. Ila ahadi ya hadharani inatugharimu. Baada ya ahadi ya kwanza, mwalimu mkuu mmoja aliyekuwa ametuazima stoo ya shule alituomba tuiachie, akisema kwa nia njema kabisa, "Si mmeshapata chumba?" Tukatoa masanduku yetu, na ndivyo yalivyofika uvunguni. Kama tusingeahidiwa, yangekuwa bado kwenye stoo ile, juu ya sakafu ya saruji, mbali na mto.

Tunachoomba hakizidi hiki: chumba kimoja kikavu katika jengo lolote la umma katikati ya mji, hata kiwe na mita nne kwa nne, chenye paa lisilovuja, nondo madirishani, mlango wenye kitasa, na umeme wa kuwasha taa na kompyuta moja. Hatuhitaji kiwe kipya. Rangi tutapaka wenyewe, mafundi tunao. Makabati manne ya chuma tumeanza kuyachangia, na mpaka jana tulikuwa na fedha za makabati mawili. Kijana wetu anayesoma chuo ameahidi kutuletea skana ili kila picha ipate nakala. Pango la fremu hapa Kariakoo tumelipigia hesabu mara nyingi, haliko ndani ya uwezo wetu. Chumba kikipatikana kitakuwa wazi kwa wanafunzi, waandishi na diwani yeyote anayetaka kujua waliomtangulia walijadili nini kuhusu mitaro ileile anayojadili yeye. Bado kuna wazee kumi na wawili walio hai katika orodha yetu. Mdogo wao ana miaka sabini na minne. Watano wako hapa, wamevaa kanzu na suti zao nzuri kwa ajili yako, na kila mmoja ana mkoba wa picha nyumbani ambao amekataa kutukabidhi. Wanasema, "Nikupe ukauweke wapi?" Hatuna jibu. Masika mengine yanakuja.

Ndugu Mgeni Rasmi,
Mwenyekiti wetu ameshika kaunta buku lenye jalada jeusi. Ndani yake tumeandika ahadi zote tulizopewa, kila moja na ukurasa wake, tarehe iliyotolewa upande wa kushoto na tarehe iliyotimizwa upande wa kulia. Kurasa tatu zimeandikwa upande wa kushoto tu. Ukurasa wa nne hauna kitu. Kabla hujatoa hotuba yako, tunakuomba kwa unyenyekevu ulifungue buku hilo, uandike kwa mkono wako jengo utakaloliulizia, siku utakayotujibu, na jina la mtu ambaye Katibu amwendee asubuhi ya siku hiyo. Kama jibu litakuwa haliwezekani, tuandikie hivyo hivyo, ili wazee hawa watafute pa kuiweka mikoba yao wangali na nguvu za kuibeba.

Tunaomba kuwasilisha.

Imesomwa na Katibu, kwa niaba ya wanakikundi wote.