Wes Anderson hakumpa binti nafasi ya kusema

Mhariri,

Tuliosubiri filamu The Phoenician Scheme (2025) ya mwongozaji Wes Anderson tumeachwa na njaa. Rangi zimepangana na kamera imekaa katikati kama kawaida yake, lakini baba na binti hawapati muda wa kuwa baba na binti.

Kosa liko kwenye muundo. Tajiri Korda anawaruka wanawe 9 wa kiume na kumrithisha binti yake, mnovisi wa utawa, kisha wanazunguka kwa wawekezaji kuziba pengo la fedha za mradi wake mkubwa. Kila boksi la viatu lenye sehemu ya mipango ya mradi huo likifunguliwa wanaingia waigizaji wapya, mazungumzo yanaanza upya, na swali zito la binti, nani alimuua mama yake, linakatizwa njiani.

Katika filamu ya awali ya Anderson, The Royal Tenenbaums (2001), baada ya ajali ya gari, kamera inateleza bila kukatwa, inawapita wazima moto, hadi Chas, aliyefiwa na mke, anapomwambia baba yake kwamba mwaka umemwia mgumu. Sentensi moja tu! Lakini aliachiwa nafasi ya kuisema.

Karata wanazocheza Korda na bintiye mwishoni, katika mgahawa wao mdogo, zilistahili kuanza mapema zaidi.

Mpenzi wa filamu,
Nairobi