Vibarua wa Walungu hawajawa wavivu

Bwana Mhariri,

Msomaji wenu mmoja alilalamika kwamba kazi za THIMO, zile za mradi za kutengeneza barabara kwa mikono kwa malipo, zimewafanya watu wa huko Walungu, mashambani kwetu Kivu Kusini, wavivu wa kulima. Mimi ninakaa Kadutu, mjini Bukavu, lakini shamba langu la maharage na muhogo liko Walungu, na kila msimu natafuta vibarua. Neno hilo limeniuma.

Ni kweli kwamba barabara ikianza, bei ya kibarua inapanda. Kabla ya hapo mwanamke alikuwa analima kutwa nzima kwa franka chache na sahani ya maharage, akanyamaza kwa sababu watoto wanamngoja. Sasa ananiambia, “Mama, ongeza, ama niende kwenye barabara.” Naongeza. Kazi yake ilistahili bei hiyo tangu zamani.

India walizitungia kazi za namna hii sheria mwaka 2005. Kwa sheria hiyo, familia yoyote ya kijijini iliyoomba kazi ya mikono ilipewa haki ya siku 100 kwa mwaka, na serikali iliposhindwa kutoa kazi ndani ya siku 15, ilidaiwa posho. Theluthi moja ya nafasi, angalau, ilikuwa ya wanawake. Watafiti walikuta kwamba malipo yalipanda hata kwa vibarua wa mashamba ya watu, na waliohama kutafuta kazi mijini wakati wa kiangazi walipungua. Huko nako mishahara ilichelewa, na ilipochelewa watu waliziacha kazi hizo.

Kwetu mradi unakuja, majina yanatolewa kwa tombola, yaani bahati nasibu, miezi michache imekwisha. Ambaye jina lake halikutoka anarudi kwa bei ya zamani, au anaenda Kamituga kuchimba dhahabu kwa deni. Wazee nao wakisikia kazi za serikali wanakumbuka salongo, kazi za lazima za wakati wa Rais Mobutu, jasho bila malipo. Nawaelewa kabisa.

Ninawaomba wabunge wetu wa jimbo waidai kazi hii kama haki ya kila anayeiomba, ifanyike Juni hadi Agosti mvua zikiwa zimekatika: mifereji, madaraja madogo, miti ya kuzuia mmomonyoko. Na walipwe kwa wakati. Septemba tukianza kupanda, nitawapata vibarua walioshiba, na tutapatana bei.

Mama mkulima,
Kadutu, Bukavu