Mafuta ya mimea na kansa sugu: punguzeni mbwembwe

Mhariri, naomba nafasi kidogo. Hizi habari za mafuta ya mimea, yale ya harufu ya kunusa siyo ya kupikia, "kuua kansa sugu" (kansa isiyosikia dawa tena) jinsi mnavyoziandika zinanikera, maana mtu mwenye mgonjwa nyumbani akisoma kichwa cha habari tu anakimbilia kununua kichupa, na wengine wanaacha kabisa kemo, yaani dawa za kansa za hospitali.

Utafiti wenyewe mzuri, sibishi. Kuna seli za kansa zikishazoea dawa ya kansa kama doksorubisini zinatengeneza kwa wingi protini inaitwa P-glaikoprotini, ilijulikana tangu 1976, kazi yake kusukuma dawa itoke nje ya seli kabla haijafanya lolote, na haichagui sana, inatoa hata dawa ambayo mgonjwa hajawahi kupewa. Sasa watafiti wakikuta mafuta fulani yanaua seli sugu kwa dozi ileile inayoua zisizo sugu, dalili ni kwamba hiyo pampu haiyawezi. Hapo ndo penye utamu, na hapo ndo magazeti hayagusi.

Ila jamani, yote hayo yametokea kwenye sahani ya plastiki yenye vishimo 96! Mafuta hayachanganyiki na maji, mpaka yayeyushwe kwanza na kitu kama DMSO (kimiminika cha kuyeyushia), halafu yanaruka, mvuke unatoka kishimo hiki unaingia cha jirani unaua seli ambazo hazijawekewa kitu, kwahiyo usipofunika vizuri majibu yanakuwa ya utata. Na seli za mwili zisizo na kansa je, zenyewe zilikufa kwa dozi gani? Hata spiriti ukiimimina humo inaua kansa.

Dawa za kansa zilizotoka kwenye mimea zipo, nani anakataa, vinkristini ilitoka kwenye ua la Madagaska na paklitakseli kwenye magome ya mti, Marekani waliiruhusu 1992. Lakini hizo ni molekuli moja iliyochujwa na kupimwa miaka na miaka, sio kichupa cha kunusa (na bado ile pampu inazitoa zote mbili!).

Kwahiyo mwandishi aseme kwenye aya ya kwanza kabisa kama walipima seli, panya au watu, na seli zisizo na kansa zilionekanaje. Na mkishaandika jina la mafuta ongezeni kwamba hayanywewi, ya mkaratusi tu mtoto akimeza kidogo anaweza kupata degedege.

Msomaji wenu