Kuhusu daftari lako la dagaa

Kirumba, Mwanza

Ndugu yangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka huku. Sisi tu wazima, shukrani kwa Mungu. Nimefurahi sana kusikia mama amepata nafuu. Mfikishie pole zangu.

Sasa lile swali lako. Umesema daftari lako la Jupyter (programu ya kuandika na kuendesha Python ndani ya kivinjari) limebeba data zote za joto la maji ya ziwa pamoja na dagaa wanaoshushwa kila mwalo (ufuko wa kushushia samaki), na kwamba kuzipakia upya kwa intaneti ya huko Bukoba kunakula asubuhi nzima. Unataka skripti ya pembeni ichote jedwali na kuchora ramani, daftari likiendelea na kazi zake. Inawezekana, tena bila kupakia chochote upya.

Shika hili kwanza: unachokiona kwenye kivinjari si mahali kazi ilipo. Data zako zimekaa kwenye keneli, programu inayojitegemea ambayo ndiyo inayoendesha Python. Ukurasa unaoandikia seli (visanduku vya msimbo) ni mteja wake mmoja tu. Ukifunga ukurasa huo, keneli inabaki hai na majedwali yako yamo. Akija mteja wa pili mwenye vitambulisho sahihi, naye anahudumiwa. Skripti yako ndiyo huyo mteja wa pili.

Vitambulisho vimo kwenye faili dogo la JSON (maandishi yaliyopangwa kwa majina na thamani) linaloandikwa keneli inapoanza, jina lake huanza na kernel-. Andika jupyter --runtime-dir kwenye terminal (dirisha la amri) ujue folda lilipo, au %connect_info ndani ya seli ulione lote. Utakuta anwani, kwa kawaida 127.0.0.1, poti tano (milango ya mawasiliano), na ufunguo. Kwako wewe poti kubwa ni mbili: shell inapokea maombi, iopub inatoa matokeo. Ufunguo hutumika kutia sahihi kila ujumbe kwa HMAC-SHA256, njia ya kuthibitisha kwamba aliyeutuma ana ufunguo. Ujumbe wenye sahihi isiyolingana haupokelewi. Kwa hiyo faili hilo usimrushie mtu WhatsApp, hata mimi. Mwenye nalo akiifikia kompyuta yako anaweza kuendesha lolote kwa jina lako.

Skripti yenyewe ni fupi (nimechukulia jedwali lako ndani ya daftari linaitwa dagaa):

from jupyter_client import BlockingKernelClient, find_connection_file
kc = BlockingKernelClient(connection_file=find_connection_file())
kc.load_connection_file()
kc.start_channels()
kc.wait_for_ready(timeout=60)
jibu = kc.execute_interactive("dagaa.to_parquet('/tmp/dagaa.parquet')", store_history=False, allow_stdin=False)
print(jibu["content"]["status"])
kc.stop_channels()

Ukiwa na madaftari kadhaa wazi, find_connection_file ikiachwa mabano matupu inachukua faili lililoguswa karibuni zaidi, ambalo huenda si la dagaa. Ipe jina kamili la faili.

Nimetumia execute_interactive badala ya execute kwa sababu ya iopub. Matokeo yake hutangazwa kwa wateja wote waliounganishwa, kama mnada wa hapa soko la samaki la Mwaloni: bei inatajwa kwa sauti watu wote wasikie, nawe unasikilizia ya mzigo wako. Kila ujumbe unaorudi una parent_header yenye namba ya ombi lililouzaa. Ukitumia execute ya kawaida, ni juu yako kulinganisha namba hiyo na ya ombi lako, kisha kuendelea kusoma mpaka ufike ujumbe wa hali ya idle, yaani keneli imemaliza ombi hilo. Usipofanya hivyo utachukua matokeo ya seli ya daftari ukidhani ni yako. execute_interactive inakuchujia yote hayo.

Na hapa ndipo wengi hukwama: hutapata jedwali lenyewe. Kinachovuka ni ujumbe, yaani maandishi ambayo seli ingeyaonyesha. Ukiomba jedwali la dagaa utaletewa mistari michache ya juu na ya chini, katikati nukta. Ndiyo maana naiambia keneli iandike faili la parquet (faili la kuhifadhia majedwali), halafu skripti inalisoma kwa pandas, maktaba ya majedwali ya Python. Zote ziko kwenye mashine moja, kwa hiyo weka njia kamili ya faili. Folda la kazi la keneli si lazima liwe la skripti. Na hiyo status isome kila mara. Kosa likitokea ndani ya keneli, skripti haivunjiki, inaendelea kana kwamba mambo ni shwari, nawe unachora ramani ya jana.

Kuna foleni pia. Keneli hufanya ombi moja baada ya jingine. Seli yako ya kulinganisha usiku wa giza na wa mbalamwezi ikiwa bado inazunguka, skripti itasubiri, na zile sekunde 60 zikiisha italeta kosa. Ongeza muda, au gawa seli hiyo iwe vipande.

Mimi ningeiacha skripti isome tu. Jina lolote la kigeu (variable) itakaloandika linafuta la daftari lenye jina hilohilo, bila onyo. Ile store_history=False inazuia namba za seli zako zisiruke. Mwishoni tumia stop_channels, inayokata mawasiliano yako peke yake. Usiite kc.shutdown() kamwe: hiyo inaizima keneli yenyewe, na asubuhi yako ya kupakia data inaanza upya.

Kabla ya kuandika skripti, jaribu jupyter console --existing kwenye terminal. Ukiandika dagaa.shape ukaona idadi ya safu unayoijua, njia ni nzima.

Ramani ikikamilika nitumie kabla kipindi kijacho cha usiku wa giza hakijaanza. Wavuvi wa dagaa niliowaambia habari zake wananiuliza kila wakinikuta sokoni, na ningependa waione wakiwa bado wako nchi kavu.

Wasalimie wote nyumbani.

Ni mimi rafiki yako,
wa Kirumba