Zirudishe zile siku tatu

Bombo

Mwanangu Zaina,

Assalam aleikum. Sote wazima. Mama yako anakusalimu, na tabaga yako, lile kawa la kusuka, iko karibu kwisha. Andiko lako la mkutano wa wahandisi kule Nairobi nimelisoma mara mbili, ya pili kalamu ikiwa mkononi.

Limekaa vizuri. Ila kuna jambo limeninyima usingizi. Katika daftari ulilonionyesha wakati wa Idi, kihisi chako cha kupima maji pale Jinja kilisoma kwamba Ziwa Victoria limepanda sentimita 22 usiku mmoja, likakaa hivyo siku tatu, kisha likashuka ghafla. Uliniambia mwenyewe kuwa ni gugu maji lililoingia chini yake. Sasa kwenye grafu ya ukurasa wa nne siku hizo hazipo. Mstari umeungwa, umenyooka kama uzi.

Mwanangu, zirudishe.

Kihisi chako kiko juu ya maji, hupeleka sauti chini na kuhesabu muda wa mwangwi kurudi. Gugu likipita, mwangwi unarudi kutoka kwenye majani, chombo kikadhani maji yamepanda. Kumbe kimekupa habari kwamba gugu limefika! Aprili 2020 kisiwa kinachoelea kiliziba njia ya maji ya mitambo ya umeme pale pale Jinja, Uganda nzima ikaingia gizani. Ikiwa chombo ulichounga kwa mikono yako kinaweza kuliona gugu likiingia, wahandisi watataka kusikia hilo kabla ya mengine yote uliyoandika.

Nakuambia haya kwa kuwa mimi niliwahi kuficha. Nikiwa kijana, zamu ya usiku kwenye kituo cha pampu, nilisinzia tangu saa nane hadi saa kumi. Nilipozinduka nikajaza joto la beringi kwenye kitabu cha zamu: 61, 61, 62. Wiki iliyofuata beringi ikaungua. Mhandisi alikaa na kile kitabu hadi jioni, akizifuata namba zangu kwa kidole, mstari kwa mstari, akitafuta joto lilianza kupanda lini. Nilikuwa nimesimama nyuma yake, na sikusema neno. Kile kidole bado nakiona.

Jingine: kasi ya sauti hubadilika na joto la hewa. Kati ya nyuzi 18 za alfajiri na 30 za mchana tofauti ni kama asilimia 2, na kihisi kikiwa mita 2 juu ya maji, hizo ni sentimita 4. Eleza ulivyosahihisha. Utaulizwa tu.

Kuhusu kuzungumza, umepewa dakika 15 na una slaidi 30. Nyingi mno. Ramani ya Afrika itoe, anza na ile grafu yenye nundu yake, uinyooshee kidole, useme ni nini. Namba za pembeni zikuze, hata aliyekaa nyuma kabisa azisome. Nakala nyingine weka kwenye flashi.

Njoo Jumamosi usome mbele yetu. Mama yako atashika saa, na ukivuka dakika 15 atakukatisha, unamjua. Ukurasa wa nne mpya nitumie mara ukiumaliza, hata kama ni usiku wa manane.

Baba yako