Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Safari za Kuzamia Mnemba

Ndugu wanachama,

Mwaka huu safari zetu nyingi zilielekea Mnemba, kaskazini mashariki mwa Unguja, hasa eneo la kuzamia liitwalo Kichwani. Kamati bado inaamini hapo ndipo mzamiaji wa kati anapokomaa. Mteremko wa matumbawe unashuka kupita mita 20, lakini mwenye cheti cha mita 18 hapungukiwi kitu, kwani samaki wengi wako juu ya kina hicho.

Tatizo kubwa lilikuwa hewa. Mtungi wa lita 12 wenye bar 200 (kipimo cha shinikizo la hewa), ukitenga bar 50 za akiba, unakupa lita 1,800. Anayevuta lita 20 kwa dakika juu ya maji atavuta 60 akiwa mita 20, maana shinikizo huko ni mara tatu. Hizo ni dakika 30, na ukishindana na mkondo hazifiki hata hapo. Kwa hiyo, geji ikisoma bar 100, mwonyeshe kiongozi, muanze kupanda na mteremko, si zaidi ya mita 9 kwa dakika. Simameni dakika 3 kwenye mita 5, mtoke na bar 50.

Wengi pia wanafunga risasi, yaani vyuma vya uzito vya mkandani, nyingi mno. Miguu inazama, mapezi yanavunja matumbawe, na jaketi la kuelea linajazwa hewa ambayo ingevutwa. Pimeni risasi zinazowatosha mwisho wa mzamio, si mwanzo: hewa iliyotumika ina uzito wa kilo 2 hivi, na aliyepima mtungi ukiwa umejaa huelea bila kutaka kwenye mita 5.

Ratiba mpya imefuata mwezi wa angani, unaotawala maji kupwa na kujaa. Siku za bamvua, maji yanapopanda na kushuka karibu mita 4, mkondo wa Mnemba si wa kujifunzia. Wanaoanza watakwenda siku za maji mafu, yanapopanda na kushuka kidogo, na nahodha atawashusha maji yakikaribia kusimama.

Kila wawili wawe na boya la ishara. Likirushwa kutoka mita 10, lijazwe nusu tu. Hewa itaongezeka mara mbili hadi juu. Kamba isifungwe mwilini kamwe. Ikikwama, achia yote. Kupoteza boya ni afadhali kuliko kuvutwa juu nalo.

Hesabu za fedha atazisoma mweka hazina.

Liniumalo zaidi ni matumbawe yenyewe. Yalipauka vibaya kwa joto la maji ukanda wetu mwaka 1998, yakapauka tena 2016 na 2024. Yaliyopauka hayajafa bado. Joto likishuka mapema yanaweza kupona, ila pezi moja linatosha kuyamaliza. Kuanzia Machi hadi Mei, kila kundi lishuke na kibao cha kuandikia. Atakayeona matumbawe meupe aandike mahali, kina na joto la maji, amkabidhi katibu siku hiyo hiyo.

Mwenyekiti